Kabla ya Kununua Busta, Zima Intaneti

Ukiingia duka la elektroniki mjini Migori, au Homa Bay, au hata Oyugis siku ya soko, ukasema waifai ya nyumbani inakatika-katika, utapewa jibu moja: nunua busta. Ukirudi baada ya mwezi ukasema bado inakatika, utauziwa busta ya pili. Sina ugomvi na wenye maduka, wao wanauza kinachoulizwa. Ugomvi wangu ni na wazo lenyewe, kwamba mtandao wa nyumba ukisumbua basi mawimbi ni dhaifu. Mara nyingi mawimbi yako sawa kabisa, na shida iko kwingine.

Nazungumzia zile nyumba ambazo siku hizi huitwa nyumba janja: taa zinazowashwa kwa simu, kamera langoni, pampu ya maji inayojua tangi limepungua, soketi inayozima hita yenyewe. Wapo wanaosema "nyumba erevu", na walimu wa Kiswahili huenda wakapendelea hilo. Mimi nabaki na "janja", kwa sababu mjanja ni mtu wa kumwangalia mara mbili.

Huku kwetu kusini mwa Nyanza nyumba hizi zina jambo moja la ajabu. Mara nyingi anayezilipia si anayeishi ndani yake. Mtoto yuko Nairobi, Doha au Minnesota. Wazazi wako Rongo, Ndhiwa au Kendu Bay. Mtoto anatuma pesa, fundi anafunga vifaa, programu inakaa kwenye simu ya mtoto, mzazi anabaki na nyumba. Tafadhali lishike hilo, nitalirudia.

Haya, tuanze na stima, maana shida nyingi huzaliwa hapo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana ardhi ikipata joto, upepo wa ziwa hupanda kuelekea nchi ya juu, na alasiri au jioni mvua hushuka na ngurumo zake upande wa Kisii, Rongo na Awendo. Usiku zamu huwa ya ziwa lenyewe, kama mvuvi yeyote wa Mbita atakavyokuambia. Stima inapotea dakika mbili, inarudi, inapotea tena. Hiyo ni mbali na zile siku ambazo karibu nchi nzima iliingia gizani, kama tarehe 25 Agosti 2023, na tena Desemba ya mwaka huo huo.

Sasa angalia kinachotokea stima inaporudi. Swichi janja ina kompyuta ndogo sana ndani yake, nayo huamka kwa sekunde chache. Ruta huchukua dakika moja, mbili, hata tatu kabla haijawa tayari. Kwa hiyo swichi inaamka, inatafuta mtandao, haiuoni, inajaribu tena, na aina nyingine hatimaye hukata tamaa na kufungua mtandao wao wenyewe kana kwamba ndiyo kwanza zimetoka dukani. Ruta inapokuwa tayari, vifaa 30 vinaiita kwa pamoja vikiomba anwani. Ruta ya bei rahisi, ile unayoachiwa siku unapoingiziwa intaneti, inaweza kuzidiwa hapo. Mwenye nyumba akitazama simu anaona vifaa 22 vipo na vinane havipo. Kesho yake ni vinane vingine. Anasema ni mawimbi. Jamani, hiyo ni foleni!

Dawa yake ni kuhakikisha ruta haizimiki. Ruta nyingi hutumia umeme wa volti 12, na nguvu ya wati kama 10 hivi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ndogo inayowekwa kwenye kengele za wezi, hubeba wati-saa 84. Ukitumia nusu yake tu, ili isife mapema, ruta inakaa saa nne. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 20 itaipeleka karibu siku nzima, na ukiiwekea paneli ndogo ya sola unaweza kusahau hesabu. Ila angalia: betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda ikapita volti 14, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti katikati, usiiunganishe na ruta moja kwa moja.

Watu huniambia, "lakini mimi nina inveta ya nyumba nzima." Vizuri sana. Inveta hiyo inachukua umeme wa betri na kuupandisha hadi volti 240, halafu chaja ya ruta inaushusha tena hadi 12, na kila mgeuzo unakula chake. Zaidi ya hapo, kuna inveta zinazochelewa kidogo kuhama kutoka stima hadi betri. Hata nusu sekunde inatosha kuizima ruta, na ikizimika umerudi kwenye ile foleni. Mpe ruta betri yake mwenyewe. Kama pesa ni za jambo moja tu mwaka huu, mimi ningezitumia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Ruta ikishakuwa macho inabaki intaneti yenyewe, na hapa huwa napandisha sauti kidogo. Umekaa sebuleni Homa Bay, unabonyeza simu ili taa iliyo mita tatu juu ya kichwa chako iwake. Kwa vifaa vingi vinavyouzwa, amri hiyo inatoka nyumbani, inapanda mnara, inafika Nairobi, inateremka Mombasa, inaingia baharini, inaifikia seva Ulaya au Asia, inageuka na kurudi njia ile ile. Taa inawaka, nasi tunafurahi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea kwa siku kadhaa. Hebu niambie, waya wa baharini una uhusiano gani na taa ya sebule ya Homa Bay?

Na hata nyaya zikiwa nzima, kampuni inaweza kufa au kubadili nia. Mwaka 2016 Nest, iliyokuwa imeinunua Revolv, ilizima seva za kisanduku cha Revolv, na watu waliokinunua kuongoza nyumba zao wakabaki na pambo la mezani. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika ghafla, na wateja wakakuta programu kwenye simu haizisikii tena taa. Hao walikuwa Marekani, kwenye mawakili na magazeti. Wewe uliyenunua kifaa kisicho na jina pale Luthuli Avenue utamlalamikia nani?

Ndiyo maana nasema kabla ya kununua busta, zima intaneti. Usiizime ruta, iache iwake, chomoa tu ule waya unaoleta intaneti, au toa laini kama unatumia ya simu. Kisha zunguka nyumba yako polepole. Taa zinawaka kwa swichi ya ukutani? Simu iliyo ndani ya nyumba bado inaweza kuiamuru pampu? Lango linafunguka? Kamera zinaendelea kurekodi? Kila kinachokataa ni deni, na siku moja mtu atalilipa.

Nimemwona aliyelilipa. Mwaka jana niliitwa kwenye boma moja karibu na Ndhiwa. Pana kisima kirefu, pampu ya umeme, na tangi la lita 5,000 juu ya mnara. Mwana yuko Qatar. Siku ya kufunga vifaa, swichi ya zamani ya pampu iliondolewa ukutani "ili Mama asihangaike", na kazi yote ikaachiwa swichi janja inayotii programu peke yake. Halafu mnara wa simu wa pale karibu ukapata hitilafu, mtandao ukapotea siku nne. Stima ilikuwepo, pampu ilikuwa nzima, na kisima kilikuwa na maji chini ya miguu yake, lakini Mama, aliyepita miaka 70, alikuwa akimtuma mjukuu mtoni na mtungi. Aliniambia kwa Kijaluo, nami nafasiri kadiri niwezavyo: "Maji yangu yako ndani ya simu ya mtoto."

Tulirudisha swichi ukutani. Tukatia boya ndani ya tangi, lile la kawaida linalokata umeme maji yakifika juu na kuuwasha yakishuka. Tukaweka swichi ya kuchagua: kwa mkono, au yenyewe. Ile swichi janja hatukuitupa, tuliiacha upande wa "yenyewe" ili mwana aendelee kuona maji yakoje na kuwasha pampu akitaka. Kazi ilichukua mchana mmoja na haikuhitaji hata mstari mmoja wa programu, na mimi ni mtu wa programu.

Najua jibu litakalokuja: tunawawekea wazazi vifaa hivi kwa upendo. Sikatai. Lakini ukitazama vizuri, nyingi ya mifumo hii inamtuliza aliye mbali. Kamera ni za kwake, arifa ni zake, nywila anayo yeye. Mtandao ukikatika, yeye anakosa picha. Aliye nyumbani anakosa taa na maji. Mtu hawezi kusema mtandao wa nyumba unategemeka kama hajasema unategemewa na nani.

Mtoto wa Doha hapotezi kitu akubali ubongo wa nyumba ukae nyumbani. Programu kama Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, ni huria, huendeshwa kwenye kompyuta ndogo sebuleni, na huongea na vifaa bila kutoka nje ya ua. Vifaa vingi vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa kutumia chipu ya ESP8266 vinaweza kuwekewa programu nyingine, kama Tasmota au ESPHome, ili viache kuuliza ruhusa ya wingu. Tumia diski ya SSD badala ya kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi hizo huharibika upesi umeme ukikatwa-katwa zikiwa katikati ya kuandika. Intaneti ikiwepo, mwana anaingia kutoka popote alipo. Isipokuwepo, nyumba inaendelea.

Na usidhani hizi ni teknolojia za watu wenye mtandao mzuri. MQTT, itifaki inayotumiwa na vifaa hivi kupelekeana habari, ilitungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila herufi ilikuwa ghali. Ndani yake mna kitu ninachokipenda sana: kila kifaa huacha wosia kwa seva kinapoingia. Kikipotea bila kuaga, seva huusoma wosia kwa wengine wote: fulani hayupo. Kwa wosia huo nyumba inajua pampu haijibu, badala ya kuendelea kukuonyesha kwamba kila kitu ni shwari.

Baada ya hayo yote, ndiyo, ziko nyumba ambazo mawimbi ni tatizo la kweli. Lakini boma letu si gorofa ya London, na maelezo yaliyo kwenye kisanduku cha busta yaliandikwa kwa ajili ya gorofa ya London. Boma la Kijaluo lina nyumba ya mama inayotazama lango, jiko pembeni, na simba za vijana karibu na lango (simba hapa ni nyumba ya kijana wa kiume, usikimbie). Kutoka nyumba kubwa hadi langoni panaweza kuwa mita 50 au 60, na katikati kuna mabati. Kwa mawimbi ya redio bati ni kama kioo kwa mwanga: yanagonga na kurudi. Chumba chenye kuta na paa la mabati ni sanduku lililofungwa. Maji nayo huyameza, kwa hiyo usiweke ruta upande mmoja wa tangi na kamera upande wa pili. Hata mahindi! Kamera ya lango inaweza kufanya kazi vizuri Februari, ikasumbua Juni mahindi yakiwa marefu na mabichi, ikapona baada ya mavuno, na mwenyewe akaapa kwamba fundi alikuja usiku.

Busta hapo hufanya nini? Mfikirie mkalimani kanisani. Mhubiri anasema, ananyamaza, mkalimani anarudia. Mahubiri ya nusu saa yanakuwa saa nzima. Busta ya kawaida yenye redio moja ni mkalimani huyo: haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Ukiweka busta inayosikiliza busta nyingine, umeweka mkalimani wa mkalimani.

Waya ni bora. Simba iliyo karibu na lango ni mahali pazuri mno pa kuweka kituo cha pili cha waifai, pamejengwa tayari na pana paa. Waya wa kawaida wa mtandao unafika mita 100, kwa hiyo umbali si shida. Shida ni ile radi niliyoitaja. Waya wa shaba unaopita nje kutoka nyumba hadi nyumba ni njia ya radi: ikipiga karibu, mshtuko unasafiri ndani yake na kuua vifaa pande zote mbili. Kati ya nyumba na nyumba tumia faiba, na ununue ile isiyo na uzi wa chuma ndani. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Watu husikia neno faiba wakafikiri ni jambo la kampuni kubwa, lakini visanduku viwili vya kugeuza faiba kuwa waya wa kawaida si vitu vya ajabu, na vinaunganishwa mara moja tu. Ndani ya kila nyumba endelea na shaba.

Chaneli nitazipitia haraka. Vifaa vingi janja husikia gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo usizime masafa hayo kwa sababu eti ya 5 ni ya kisasa. Upana uwe megahezi 20, na chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Vijijini hutasikia jirani. Kwenye ploti za Migori mjini utawasikia kumi. Vifaa vidogo vya betri, kama vile vya mlango na joto, ningevitoa kwenye waifai kabisa nikavipeleka Zigbee, chaneli ya 25, iliyo juu ya chaneli 11 ya waifai.

Wanaokaa kando ya ziwa wana mgeni mwingine: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi. Kamera nyingi huona usiku kwa taa nyekundu isiyoonekana iliyo kando ya lenzi, na taa hiyo, au joto lake, huwaita wadudu, nao buibui huwafuata. Kila mdudu akipita karibu na lenzi kamera husema "kuna mtu", hurekodi, na kutuma video juu kwenye wingu. Usiku mzima. Asubuhi bando limekwisha na mtu analaumu mtandao. Zima taa ya kamera, tundika nyingine ya aina hiyo hiyo mita chache pembeni, na rekodi zikae kwenye diski ndani ya nyumba.

Na walio karibu na Isebania au Muhuru Bay, ambako simu hukaribishwa Tanzania bila kuvuka mpaka, waingie kwenye ruta yao ya laini, wachague mtandao kwa mkono na wazime kuzurura ng'ambo. Ruta iliyowekwa ichague yenyewe inaweza kuhamia mnara wa upande wa pili, ikakosa intaneti huku ikionyesha mawimbi yamejaa.

Kilichobaki ni karatasi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati lenye ruta: waya upi ni wa nini, nywila ya waifai, na jinsi ya kuwasha pampu na kufungua lango kwa mkono. Iandikwe kwa lugha ya waliomo nyumbani, iwe Kijaluo, Kikuria au Kiswahili, kwa herufi kubwa ambazo mtu wa miaka 70 atazisoma kwa mwanga wa tochi. Na nambari ya fundi iwe ya anayeweza kufika kwa boda boda usiku huo huo.